Shahada Mkononi, Simu Sikioni

Marta Cortese ana miaka 24. Kwao ni Palermo, kisiwani Sicilia, lakini falsafa ameisomea Roma, na siku tunapokutana naye amesimama mbele ya jopo la maprofesa wazee akitetea tasnifu yake kuhusu Martin Heidegger na Hannah Arendt. Anafaulu kwa alama ambayo hakuna iliyo juu yake katika vyuo vikuu vya Italia: 110 kati ya 110, pamoja na neno la heshima wanaloongezewa wachache. Maprofesa wanampongeza. Kisha Marta anatoka nje, anaingia mjini na kuanza kutafuta kazi.

Huo ndio mwanzo wa Tutta la vita davanti, filamu ya Paolo Virzì iliyotoka Italia Machi 2008. Jina lake ni yale maneno ambayo wazee huwaambia vijana kila mahali, kwamba maisha yote bado yako mbele yao. Imewekwa katika kundi la vichekesho, na kweli inachekesha. Ni rahisi kuisimulia kama kisa cha msomi aliyeangukia kazi isiyo ya hadhi yake. Mimi naiona tofauti. Katika filamu nilizoziona kuhusu wahitimu wanaosaka ajira, hii ndiyo iliyokataa kabisa kuicheka shahada ya mtu, na ikakataa vilevile kuwacheka wasio na shahada wanaoketi naye safu moja. Kuyashika yote mawili kwa pamoja si kazi nyepesi, na ndiyo sababu naiandikia leo.

Marta anaanzia pale ambapo kila mhitimu huanzia. Anaandika wasifu, anaambatanisha vyeti, anabisha hodi kwa wachapishaji wa vitabu na ofisi zenye majina. Milango haifunguki. Mpenzi wake Roberto, msomi kama yeye, anapata nafasi Berkeley, California, anafunga virago na kwenda. Safari za namna hiyo Waitalia wamezizoea. Kila mwaka wanahesabu vijana wao waliosomeshwa kwa kodi ya nchi na sasa wanafundisha au kutafiti ng'ambo. Marta anabaki. Mama yake, mwalimu, anaugua huko Palermo, na kila simu kati yao ni ya watu wawili wanaofichana mabaya kwa sababu ya upendo.

Kazi ya kwanza inayopatikana ni ya uyaya. Sonia, mwanamke kijana, mrembo, asiye na mume wala akiba, anahitaji mtu wa kukaa na binti yake mdogo, Lara. Sonia naye hupiga simu katika kampuni inayoitwa Multiple Italia, pembezoni mwa jiji, na baada ya muda anamshika Marta mkono na kumpeleka huko. Hivyo ndivyo mhitimu wetu anavyopata ajira: kwa mwanamke ambaye hakufika chuo kikuu, wala hakumwomba barua ya maombi.

Hapa filamu inatulia, nami nataka nitulie nayo, kwa kuwa sijaona mahali pengine palipoonyesha kwa makini hivi jinsi matumaini ya vijana yanavyogeuzwa kuwa bidhaa. Asubuhi, kabla ya simu ya kwanza, wasichana wanasimama, wanaimba na kucheza pamoja wimbo wa kampuni. Anayewaongoza ni Daniela, msimamizi wao, anayechezwa na Sabrina Ferilli kwa uigizaji uliompatia tuzo ya Nastro d'argento mwaka huohuo wa 2008. Daniela anawatumia vijana wake meseji za kuwatia moyo, anawajua kwa majina, anawashangilia. Anayeongoza kwa miadi anasifiwa mbele ya wote. Anayebaki nyuma anaaibishwa mbele ya wote, na siku ikifika anaondoka. Juu yao yuko Claudio, mwenye kampuni, mwanamume wa tabasamu na suti, anayewazungumzia wafanyakazi kama baba na kuwalipa kama vibarua.

Simu yenyewe haiuzi kitu. Anayepiga anatafuta miadi tu: mama wa nyumbani akubali muuzaji aje kumwonyesha kifaa cha kazi nyingi ambacho hakukihitaji. Muuzaji akishaingia sebuleni, shughuli inakuwa yake. Wauzaji nao wana mikutano yao, na humo yumo kijana anayeitwa Lucio wa Pili, anayechezwa na Elio Germano. Lucio anaamini. Anaamini kila neno aliloambiwa kuhusu ushindi, kuhusu nia, kuhusu watu waliozaliwa kufaulu. Mauzo yake yanapoanza kushuka, hana lugha nyingine ya kujieleza isipokuwa ileile aliyofundishwa, inayosema kwamba asiyeuza amejitakia. Ukimtazama Germano usoni wakati huo utaelewa jinsi mtu anavyoweza kuvunjwa na sentensi za kutia moyo.

Na Marta? Marta anaiweza kazi. Hilo ndilo jambo ambalo mwandishi mwepesi angelikosea. Angemfanya msomi akae pembeni, akinung'unika, asiyeweza hata kuuza kiberiti. Virzì anajua kwamba mtu aliyefundishwa kusikiliza hoja, kusoma kilichofichwa katika maneno na kupanga sentensi atakuwa hatari akishika simu. Marta anajifunza upesi ni sauti gani inawalainisha wazee, ni kimya gani kinamfanya mpweke aseme ndiyo. Anapanda hadi kuwa miongoni mwa wanaopongezwa. Hapo ndipo dhamiri inapoamka, kwa sababu kuna bibi mmoja upande wa pili wa waya ambaye kwake simu hii ni mazungumzo, labda pekee ya siku nzima.

Nyuma ya Marta yuko mwanamke wa kweli. Michela Murgia alizaliwa mwaka 1972 huko Cabras, Sardinia. Kabla hajawa mwandishi maarufu alifundisha dini shuleni, alikuwa mpokeaji wageni wa zamu ya usiku hotelini, alifanya kazi ofisini katika kituo cha kufua umeme, na kwa kipindi kifupi aliketi katika chumba cha simu akitafuta miadi ya kuonyesha mashine ya kufyonza vumbi. Aliyoyaona humo aliyaandika kwanza kwenye intaneti wakati bado akiyafanya. Mwaka 2006 yakachapishwa kama kitabu, Il mondo deve sapere, yaani dunia lazima ijue. Virzì na mwandishi mwenzake Francesco Bruni walikichukua kitabu hicho kwa uhuru mwingi. Mhusika mwanafalsafa na mama yake wa Palermo ni wao. Ila nyimbo za asubuhi, adhabu na zawadi, na ile saikolojia ya kupima udhaifu wa mama wa nyumbani vilitoka kwa mtu aliyekuwamo. Murgia alifariki Agosti 2023, akiwa ameshika nafasi kubwa katika fasihi ya nchi yake, na kitabu kile cha kwanza, alichokiandika kwa hasira na kicheko cha mtu asiye na cha kupoteza, mimi bado nakiona kama mlango mzuri wa kumfahamu.

Ili hasira hiyo ieleweke, lazima tuingie kidogo kwenye sheria. Katiba ya Italia, iliyoanza kutumika Januari 1, 1948, inafungua kifungu chake cha kwanza kwa kusema kwamba nchi hiyo ni jamhuri ya kidemokrasia iliyojengwa juu ya kazi. Kwa miongo mingi baada ya vita, mtoto wa mkulima alipoajiriwa kiwandani, benki au wizarani, aliajiriwa kwa maisha. Mambo yakaanza kubadilika. Mwaka 1997 sheria iliyobeba jina la waziri Tiziano Treu iliruhusu kampuni kukodi wafanyakazi wa muda kupitia mawakala. Mwaka 2003 ikaja nyingine, iliyopewa jina la Marco Biagi, mtaalamu wa sheria za kazi ambaye mwaka mmoja kabla yake, Machi 2002, magaidi wa Brigate Rosse walimpiga risasi na kumuua nje ya nyumba yake Bologna. Kumzungumzia Biagi kwataka adabu: mtu aliuawa kwa sababu ya kalamu yake. Lakini sheria iliyokuja na jina lake ilizaa kitu ambacho vijana wa Italia walikijua kwa kifupi chake, co.co.pro, mkataba wa ushirikiano kwa mradi.

Mkataba huo ulimchukulia kijana kana kwamba amejiajiri mwenyewe. Ana mradi, anaukamilisha kwa namna aonavyo, analipwa. Kwa mbunifu wa majengo au mfasiri huenda ikaleta maana. Sasa mweke msichana aliyefungiwa kwenye kiti kwa zamu, mwenye orodha ya namba aliyopewa na maneno aliyoandikiwa, umwambie kwamba kupiga simu hizo ndio mradi wake binafsi. Hana likizo ya malipo. Hana kinga dhidi ya kuachishwa aliyonayo mwajiriwa. Mkataba unaisha, anasaini mwingine. Siku wakichoka naye, hakuna anayemfukuza kwa sababu kisheria hakuna aliyemwajiri.

Serikali iliona. Juni 2006 waziri wa kazi Cesare Damiano alitoa waraka uliogawa vituo vya simu pande mbili: anayepokea simu za wateja huyo ni mwajiriwa, kwa kuwa anasubiri simu akiketi palepale, anayepiga simu kwenda nje anaweza kubaki na mkataba wa mradi, kwa kuwa eti anajipangia. Mwaka huohuo wakaguzi wa kazi wa Roma waliingia Atesia, kituo kikubwa cha simu jijini humo, wakahitimisha kwamba maelfu ya waliokuwa wakihesabiwa kama washirika wa mradi walistahili kuajiriwa. Marta na Sonia wako upande wa wanaopiga. Waraka uliowavuta wenzao ndani uliwaacha wao nje ya uzio.

Vijana wenyewe hawakukaa kimya. Februari 29, 2004, wanaharakati wa Milano waliingia supamaketi wakiwa na sanamu ya mtakatifu waliyembuni, San Precario, mlinzi wa wote wenye kazi za kuyumbayumba. Walimchora amepiga magoti, amevaa sare ya mfanyakazi wa dukani. Walimtungia sala, wakagawa picha zake ndogo kama zile zinazogawiwa makanisani, wakamtembeza kwa maandamano. Sikukuu yake wakaiweka tarehe 29 Februari, siku inayokuja mara moja kwa miaka minne. Napenda sana kisa hiki. Watu waliolelewa katika nchi ya watakatifu walipokosa wa kuwasemea, walitumia lugha ya bibi zao kusema jambo ambalo bibi zao hawakuwahi kukutana nalo.

Basi vichekesho vya Italia navyo vilikuwa vimebeba historia hiyo yote ya kazi, tangu enzi za ajira ya maisha. Mwaka 1961 Ermanno Olmi alitengeneza Il posto, filamu ya upole kuhusu Domenico, kijana kutoka mji mdogo wa Meda anayekwenda Milano kufanya mtihani wa kuingia kampuni kubwa. Anaanza kama tarishi, na anapata meza ya ukarani pale tu karani mmoja anapofariki. Olmi alijua alichokuwa akikisema, kwani yeye mwenyewe alikuwa ameajiriwa katika kampuni ya umeme ya Edison. Mwaka 1975 ikaja Fantozzi, iliyoongozwa na Luciano Salce, ambamo Paolo Villaggio anacheza mhasibu mnyonge katika kampuni kubwa isiyo na mwisho, anayewaogopa wakubwa hadi miguu inamlegea. Villaggio pia alikuwa amekaa ofisini, katika kampuni moja ya Genoa, na Fantozzi alizaliwa humo. Kicheko cha filamu hizo mbili kilitokana na kufungwa. Mtu amepata kazi ya maisha, na kazi ya maisha imemmeza.

Mwaka 2008 kicheko kimegeuka. Watoto na wajukuu wa Fantozzi wangeitamani meza yake, hata iwe chini ya ngazi. Nadhani Massimo Venier alilifikiria hilo alipomwita Villaggio mwenyewe kwenye Generazione mille euro, filamu ya 2009 kuhusu Matteo, mwanahisabati kijana anayehangaika katika idara ya masoko ya kampuni moja Milano huku akipenda hesabu za kweli. Villaggio, Fantozzi wa zamani, anacheza profesa mzee. Kuuona uso huo kando ya kijana asiye na hakika ya mwezi ujao ni kuona vizazi viwili vya kazi katika picha moja. Filamu hiyo ilitokana na kitabu cha Antonio Incorvaia na Alessandro Rimassa, kilichokuwa kimewapa vijana hao jina kwa mshahara wao: kizazi cha yuro elfu moja.

Virzì, mzaliwa wa mwaka 1964, mtu wa Livorno, alifika kwenye kisa cha Marta akiwa na zana zinazofaa. Alisomea uandishi wa filamu Centro Sperimentale huko Roma, na mwalimu wake alikuwa Furio Scarpelli, mmoja wa waliojenga vichekesho vya Italia baada ya vita, vile ambavyo mtu anacheka na njaa iko mezani. Filamu yake ya kwanza, La bella vita ya 1994, ilihusu mfanyakazi wa chuma wa Piombino anayepoteza kazi, na ndoa ikaanza kupasuka. Hivyo alishaonyesha tabaka la wafanyakazi likisambaratika kiwandani kabla hajaonyesha linavyokusanywa upya kwenye chumba cha simu, safari hii bila kujitambua kuwa ni tabaka.

Jambo hilo linamkuta Giorgio Conforti, mtu wa chama cha wafanyakazi, anayechezwa na Valerio Mastandrea kwa uchovu na wema. Conforti anazo hoja zote. Anajua vifungu, ana karatasi, anasimama nje akiwaita. Wasichana hawamtaki. Wanamwona kama mtu anayetaka kuwaharibia nafasi ndogo waliyoipata. Marta anamsaidia, anampa habari za ndani, na anaingia naye kwenye mapenzi yenye mikanganyiko yake. Virzì, ambaye moyo wake uko wazi upande wa wafanyakazi, hakukifichia chama udhaifu wake: kilijengwa kwa ajili ya watu waliofanya kazi sehemu moja miaka 30, na kimefika kwa watu ambao mwezi ujao watakuwa kwingine. Naheshimu ujasiri huo. Ni vigumu kuwaambia ukweli walio upande wako.

Lakini kwa nini Arendt? Virzì na Bruni wangeweza kumpa Marta shahada yoyote. Arendt aliyekuwa mwanafunzi wa Heidegger huko Marburg miaka ya 1920, kisha akaikimbia Ujerumani ya Hitler, alichapisha mwaka 1958 kitabu kiitwacho The Human Condition. Humo anatenganisha mambo matatu ambayo sisi huyachanganya tunapotamka kazi. Kuna kuhangaika kwa ajili ya mwili, kupika, kufua, kulima, ambako kunaisha na kuanza upya kila siku. Kuna kutengeneza, kama seremala afanyavyo, kitu kinachobaki baada ya mikono kuondoka. Na kuna kutenda na kusema mbele ya wengine, ambako mtu anajionyesha yeye ni nani na pamoja na wenzake wanaanzisha jambo jipya.

Ukiingia Multiple Italia na mgawanyo huo kichwani, chumba kile kinabadilika machoni pako. Simu ni mahangaiko yasiyoisha, na hata ndoo ya maji hazijazi. Hakuna kinachotengenezwa. Na lile la tatu, kusema mbele ya wengine, limeporwa na kufanyiwa mzaha: watu wanaimba pamoja, wanacheza pamoja, wanapiga makofi pamoja, lakini hakuna hata mmoja anayesema neno lake mwenyewe. Msichana aliyeandika tasnifu juu ya Arendt ndiye hasa mtu wa kukiona hicho. Elimu ya Marta haimpi kazi, kweli. Inampa macho. Anawasikia wenzake wakijadili kipindi cha Grande Fratello, kile cha watu waliofungiwa ndani ya nyumba mbele ya kamera, naye hawadharau. Anakaa, anatazama, anaanza kufikiri kwa makini juu ya wanachokipenda humo na kwa nini. Usiku anamsimulia Lara, mtoto mdogo kabisa, kisa cha Plato cha watu waliofungwa pangoni wakidhani vivuli ukutani ndio ulimwengu. Mtoto anaelewa. Mimi tukio hilo la chumbani ndilo ninaloliweka juu ya mengine yote katika filamu hii, kwa sababu falsafa hapo imerudi ilikoanzia: mtu mmoja anamweleza mwingine jambo la kweli, bila ada, bila cheti.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura hana haja ya kueleweshwa sana. Tunazijua bahasha za kaki zenye vyeti vilivyochakaa kwenye mikunjo, na matangazo ya kazi yanayomtaka mhitimu wa jana awe na uzoefu wa miaka mitano. Tunazijua pia zile kumbi za ghorofani ambako kijana aliyeitwa kwenye usaili anakuta viti vimepangwa, muziki uko juu, na mtu mwenye kipaza sauti anamwambia kwamba kesho atakuwa tajiri akiuza dawa ya meno kwa ndugu zake. Kwenye kuta za shule zetu tumeandika kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Kijana anapokosa ajira, jirani na wakati mwingine mzazi hugeukia huo ufunguo na kuulaumu: angalisoma kitu cha maana, falsafa inaliwa? Swali hilo linaumiza, na linamwacha huru aliyepaswa kuulizwa, yule anayemhitaji kijana kila siku bila kutaka kumwajiri.

Italia iliuliza vilevile. Oktoba 2007, miezi michache kabla filamu haijatoka, waziri wa uchumi Tommaso Padoa-Schioppa aliwaita vijana wanaoendelea kukaa kwa wazazi wao bamboccioni, midoli mikubwa, akitetea punguzo la kodi ya pango ili wahame. Nchi nzima ililipokea kama tusi. Kufikia 2014, baada ya msukosuko wa uchumi, zaidi ya 40 katika kila vijana 100 wa chini ya miaka 25 waliokuwa kwenye soko la ajira nchini humo hawakuwa na kazi.

Mwaka huohuo wa 2014 Sydney Sibilia alitoa Smetto quando voglio, ambamo mwanabiolojia Pietro Zinni, baada ya chuo kikuu kumnyima mkataba, anawakusanya wasomi wenzake waliotupwa: mwanakemia anayeosha vyombo mgahawani, wataalamu wa Kilatini wanaojaza mafuta kituoni, mwanaanthropolojia anayelazimika kuificha elimu yake ili apate kibarua. Wanaanza kutengeneza dawa za kulevya ambazo bado hazijapigwa marufuku. Ni filamu ya kasi, iliyopendwa hadi ikazaa nyingine mbili mwaka 2017. Inachekesha kuliko ya Virzì. Hata hivyo humo wanaohesabiwa ni wasomi tu, na dhuluma inayolalamikiwa ni kwamba wenye akili wametendewa kama watu wa kawaida. Sonia hayumo. Kisha Januari 2016 ikaja Quo vado? ya Checco Zalone na mwongozaji Gennaro Nunziante, kuhusu mtumishi wa umma anayekubali kuhamishwa hadi kwenye barafu za ncha ya kaskazini ilimradi asiiachie ajira yake ya kudumu. Iliingiza takriban yuro milioni 65. Taifa lililokuwa limepoteza kazi ya maisha lilipanga foleni kumtazama mtu wa mwisho aliyebaki nayo.

Narudi kwa Virzì, maana sitaki nisifie tu. Nusu saa ya mwisho ya Tutta la vita davanti inabebeshwa mengi: kifo cha ghafla kinachoonekana kutoka filamu nyingine, Sonia akisukumwa hadi kuuza mwili wake, msiba, mahusiano yanayovunjika karibu kwa siku moja. Mkono wa mwandishi unaonekana ukivuta kamba. Lakini siwezi kuyakataa mengine anayoyafanya hapo. Marta hapati ofisi ya chuo kikuu wala tajiri wa kumwoa. Anachokipata ni wanawake: Sonia, Lara, na yule bibi wa kwenye simu ambaye hatimaye ana uso na nyumba. Wanakula pamoja. Katika nchi ambako mshahara, nyumba na hadhi vilitoka kwa mwajiri mmoja, Virzì anaonyesha watu wakianza kushikana wao kwa wao, na anaonyesha kwamba mhitimu wa falsafa ana kitu cha kuleta mezani hapo.

Mkataba wa mradi ulifutwa mwaka 2015 kwa amri iliyotokana na mageuzi ya kazi ya serikali ya Matteo Renzi. Mwaka uliofuata, Oktoba 2016, vijana wanaosambaza chakula kwa baiskeli jijini Torino waligoma. Nao walikuwa wameandikishwa kama watu waliojiajiri, wakiamrishwa na programu ya simu. Baadhi yao waliishitaki kampuni ya Foodora. Mwaka 2018 walishindwa, Februari 2019 mahakama ya rufani iliwapa sehemu ya haki yao, na Januari 2020 mahakama ya juu kabisa ya rufani mjini Roma ikakubali kwamba wanastahili ulinzi wa mwajiriwa. Hoja ilikuwa ileile iliyowagawa wasichana wa simu mwaka 2006: nani hasa anapanga siku ya mtu huyu? Olmi alitoka Edison, Villaggio alitoka ofisi ya Genoa, Murgia alitoka chumba cha simu. Ninachokisubiri kutoka Italia sasa ni filamu ya kuchekesha iliyoandikwa na mtu aliyepanda mojawapo ya baiskeli hizo za Torino, shahada yake ikiwa nyumbani.